Lugha ya watu 500 iliyotwaa tuzo ya mamilioni Uswidi

Majuzi niliwaonyesha wanafunzi wangu wa uzamili filamu moja kutoka Uswidi. Taa zilipowashwa, ukumbi ulikuwa kimya. Kisha kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Lakini Prof," akasema, "hii lugha inaongewa na watu kama mia tano hivi. Nani huyo aliwapa milioni nzima?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Swali lilikuwa zito kuliko alivyodhani mwenyewe, na kwa kuwa muda wetu ulikuwa umekwisha, nilimwahidi kwamba ningemjibu katika ukurasa huu.

Filamu yenyewe inaitwa Sameblod, yaani Damu ya Kisaami. Iliandikwa na kuelekezwa na Amanda Kernell, ambaye babake ni Msaami na mamake ni Mswidi. Ilianza kuonyeshwa 2016. Mapema 2017 ilitunukiwa Tuzo ya Joka ya filamu bora ya Nordiki katika tamasha la filamu la Göteborg. Tuzo hiyo wakati huo iliandamana na krona milioni moja, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 11 za Kenya kwa bei ya mwaka huo. Mpigapicha wake, Sophia Olsson, naye hakutoka mikono mitupu.

Tamasha la Göteborg lilianza 1979 na ndilo kubwa zaidi katika nchi za Nordiki, yaani Uswidi, Norwe, Denmaki, Ufini na Aisilandi. Hufanyika kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, wakati baridi ya huko haina mzaha. Msomaji asidhani ni shughuli ya zulia jekundu na kupigwa picha tu. Pembeni mwa kumbi za umma kuna soko liitwalo Nordic Film Market. Humo wanunuzi na waandalizi wa matamasha mengine hutazama filamu mpya, pamoja na vipande vya filamu ambazo bado ziko jikoni. Kuna pia mkutano wa tamthilia za televisheni uitwao TV Drama Vision, na tangu 2017 wiki hiyo hiyo hutolewa tuzo ya mwandishi wa tamthilia bora. Walioanza kuipokea ni Mette M. Bølstad na Stephen Uhlander wa Norwe, walioandika tamthilia ya Nobel. Angalia hapo: anayeitwa jukwaani ni mwandishi. Kwa sisi watu wa lugha, hilo si jambo dogo.

Sasa turejee kwenye filamu. Hadithi inatokea Uswidi ya miaka ya 1930. Elle-Marja, msichana wa miaka 14, na mdogo wake Njenna wanatoka katika familia ya wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Wanapelekwa katika shule ya bweni ya watoto wa Kisaami, mojawapo ya zile zilizoitwa shule za wahamaji, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1913. Humo Kisaami ni marufuku. Siku moja wanakuja wageni kutoka Uppsala, mji uliokuwa na taasisi ya serikali ya kuchunguza "mbari" tangu 1922. Wageni hao wanawapima watoto vichwa na kuwapiga picha wakiwa uchi, huku wavulana wa kijijini wakichungulia dirishani. Elle-Marja ndiye mwanafunzi hodari, Kiswidi chake hakina doa. Anamwomba mwalimu amsaidie kuendelea na masomo, anaambiwa kwamba watu wake hawawezi kuyamudu maisha ya mjini. Basi anatoroka kwa treni kwenda Uppsala, anajiita Christina, jina la mwalimu yule yule, na kumwacha Njenna nyuma.

Hapo ndipo filamu iliponishika koo. Mimi ni mtoto wa Taita. Katika shule ya msingi niliyosomea, ukikamatwa ukiongea Kidawida ulivishwa kibao shingoni. Wasomaji wa rika langu wanakijua, labda kwa jina jingine. Ngũgĩ wa Thiong'o amekieleza katika insha zake za 1986 kuhusu ukoloni wa fikra. Kibao hakikuondoka shingoni hadi umpate mwingine aliyeteleza ulimi. Jioni wote waliokivaa walichapwa. Viboko nimevisahau. Nisichokisahau ni siku niliyovaa kibao hicho tangu asubuhi, saa za kwenda nyumbani zikakaribia, nikamwendea ndugu yangu mdogo nyuma ya jikoni la shule, nikamuuliza kwa Kidawida kama mama alikuwa amemfungia chakula. Alinijibu kwa Kidawida. Kwani angemjibu kakake kwa lugha gani nyingine? Nikamvisha kibao.

Tangu siku hiyo ndugu yangu hajaniongelesha Kidawida. Ni mtu mzima, ana wajukuu, tunapendana, tunatembeleana. Lakini tukipigiana simu tunaongea Kiingereza, kikizidi sana Kiswahili. Kwa hiyo ninapoichambua kazi hii ya Kernell, msomaji ajue kwamba simchambui mtu wa mbali. Elle-Marja ni mimi.

Yako mambo mawili ambayo filamu hii inayafanya kwa ustadi. La kwanza, haimfanyi anayeikana lugha yake kuwa shetani. Inaonyesha jinsi umahiri wake wa Kiswidi unavyogeuka mtego: kadiri anavyosifiwa darasani, ndivyo nyumbani kunavyozidi kumbana. La pili, lugha katika filamu hii si pambo la kuongeza ladha ya wenyeji. Ndiyo mwendo wa hadithi. Mhusika akibadili lugha, hali ya mambo nayo hubadilika, na mtazamaji husikia mabadiliko hayo hata kama haelewi neno moja. Kernell aliwachagua ndugu wawili wa kweli, Lene Cecilia na Mia Erika Sparrok, ambao Kisaami cha Kusini ni lugha ya kwao. Matokeo yanasikika. Hakuna mtu pale anayetamka maneno aliyokariri jana hotelini.

Lakini kuna tukio moja ambalo limenifanya niitilie shaka hata furaha yangu mwenyewe kuhusu tuzo ile. Huko Uppsala, Elle-Marja anahudhuria karamu ya kuzaliwa ya kijana anayempenda. Miongoni mwa wageni wamo wanafunzi wa anthropolojia. Wanapojua ametoka wapi, wanamwomba awaimbie joik, wimbo wa jadi wa Kisaami. Wanamwomba kwa upole, kwa tabasamu. Anaimba. Wanasikiliza kwa adabu. Na mtazamaji anatamani sakafu ipasuke immeze msichana yule, kwa maana adabu ile inauma kuliko matusi ya wavulana wa kijijini.

Hebu basi tuulize bila kuficha: je, tamasha lenyewe si karamu ile ile? Wenye nacho wamekaa kwenye viti laini, lugha ndogo imeitwa mbele, imeimba, imepigiwa makofi na kupewa bahasha. Kesho yake wageni wanarudi kwenye shughuli zao. Shaka hii inaongezeka ukiingia katika vikao vya soko. Huko Kiingereza ndicho mwenye nyumba. Mwandishi wa Aisilandi, ambaye lugha yake ina wasemaji wasiofika laki nne, humweleza mnunuzi hadithi yake kwa Kiingereza. Mswidi naye vivyo hivyo. Filamu inasifiwa kwa lugha yake kwenye skrini, ila katika chumba ambamo fedha zake zinaamuliwa, lugha hiyo haina kiti. Hatari iliyopo ni kwamba mwandishi huanza kuunda hadithi inayoelezeka kwa dakika chache kwa mgeni, na yale yasiyoelezeka anayakata mapema, kabla hata majaji hawajayaona.

Haikuishia Göteborg. Novemba 2017 filamu hiyo ilipata tuzo ya LUX ya Bunge la Ulaya. Fainali za tuzo hiyo hufasiriwa kwa maandishi ya chini ya skrini katika lugha zote 24 rasmi za Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo mkasa wa mtoto aliyekatazwa Kisaami ungeweza kusomwa kwa Kimalta na kwa Kiairishi. Kisaami chenyewe hakimo miongoni mwa hizo 24. Ndiyo hivyo: lugha ilipewa heshima katika nyumba ambamo haina kitanda.

Je, nimwambie mwanafunzi wangu kwamba milioni ile ilipotea bure? La hasha. Ukichunguza utaona kwamba tuzo ilikuja mwisho wa njia ndefu. Kabla ya filamu hiyo, Kernell alitengeneza filamu fupi ya dakika 15, Stoerre Vaerie, yenye kisa hicho hicho cha bibi mzee. Mwaka 2015 watazamaji wa Göteborg wakaipigia kura kuwa filamu fupi waliyoipenda zaidi. Kabla yake, Nils Gaup wa Norwe alikwisha kutengeneza Ofelaš mwaka 1987 kwa Kisaami cha Kaskazini, ikateuliwa kuwania Oscar. Huko Kautokeino, Norwe, kuna taasisi ya filamu inayoendeshwa na Wasaami wenyewe. Uswidi ilikitambua Kisaami kuwa lugha ya walio wachache mwaka 2000. Pia kuna Nordisk Film & TV Fond, mfuko ulioanzishwa 1990 na wenye makao Oslo, unaochangiwa na mataifa hayo matano kupitia Baraza la Mawaziri wa Nordiki, taasisi zao za filamu na vituo vya televisheni. Majaji wa 2017 hawakuokota lulu njiani. Walipokea kilichokwisha kupandwa, kutiliwa maji na kupaliliwa.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya tamasha na karamu ya Uppsala. Katika karamu, msichana hakuchagua wimbo, wala hakuchagua saa ya kuuimba. Katika filamu, mwenye hadithi ndiye aliyeandika mswada na kuiongoza kamera. Tena aliwarudishia wageni macho yao: safari hii wapimaji wa vichwa ndio wanaotazamwa. Tuzo inayomkuta mwenye lugha ameshika kalamu si sawa na makofi ya karamu.

Hata hivyo sitaiachia filamu hii ipite bila lawama. Njenna, mdogo mtu, ndiye aliyebaki na kulungu, na wimbo, na lugha. Lakini filamu haikubaki naye. Tunaanza akiwa maiti, Christina ambaye sasa ni bibi kizee akiburutwa na mwanawe kwenda mazishini. Tunamwona utotoni akilia na kubembelezwa. Miaka yote iliyo katikati, alivyoishi, aliowafundisha, alivyotukanwa, alivyocheka, hatuoni kitu. Msamaha unaombwa kwenye jeneza, na jeneza halijibu. Najua hoja ya kumtetea Kernell: hii ni hadithi ya aliyeondoka. Nami najibu kwamba waliobaki wanasubiri filamu yao, na hawafai kusubiri mpaka wafe. Hadithi ya kuipoteza lugha ina machozi, nayo huuzika sokoni. Hadithi ya kuishi ndani ya lugha siku hadi siku haina kishindo, na ndiyo inayohitaji mfadhili mvumilivu.

Nasi Wakenya je? Hatuna upungufu wa vipaji. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ilisikika Berlin ikiwa na Kiswahili na Kikuyu ndani yake, na mtoto wa miaka tisa akatuliza watu wazima. Tuna tuzo pia, tena za kutosha. Tunachokosa ni ile njia ndefu iliyo nyuma ya tuzo. Mtu wa Göteborg akiniuliza ushauri, nitamwambia aongeze wakalimani katika soko lake ili mwandishi aeleze hadithi kwa lugha aliyoiotea ndoto. Mtu wa Nairobi akiniuliza, nitamwambia apunguze gharama ya jukwaa la kutolea tuzo usiku mmoja, fedha hizo awalipe waandishi kumi mwaka mzima, waandike kwa Kidawida, Kiturkana, Kiswahili, lugha yoyote wanayoimudu, kisha awalipe na wafasiri. Filamu zitakuja. Majaji nao watakuja, hawahitaji kubembelezwa.

Basi, kijana wangu wa kiti cha nyuma, jibu lako ni hili. Milioni ile hawakupewa watu mia tano kwa sababu ya uchache wao. Alipewa mtu aliyeijua aibu ya familia yake, akaiandika bila kumwonea mtu haya, katika nchi ambayo ilikuwa imeanza kulipia gharama ya kuisikiliza.

Nami, baada ya kipindi kile, nilimpigia ndugu yangu simu. Nilimuuliza kwa Kidawida kama amekula. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Kisha akacheka, akanijibu kwa Kiingereza kwamba amekula, ameshiba. Jumapili nitampigia tena.