Vidole Nje

Mstari wa ikweta unapita Maseno, na kando ya barabara ya kwenda Busia kuna alama yake ambapo wageni husimama wakapigwa picha. Mwendeshaji bodaboda anayeipita alfajiri akiteremka kuelekea Kisian na Kisumu hana haja nayo. Anachokijua yeye ni kwamba hewa ya saa hiyo, katika nchi tuliyofundishwa darasani kuwa ni ya joto, inaweza kumfanya mtu asisikie vidole vyake. Kisumu imekaa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Maseno iko juu zaidi, na baridi yetu haimpati aliyetulia. Ukiwa umekaa kibarazani na chai yako, huijui. Ukipanda pikipiki, inakulaki kwenye vifundo vya vidole na kupanda hadi kwenye viwiko. Ndiyo maana vijana wa stejini huvaa majaketi mazito ambayo mchana yanawachekesha abiria.

Ninachotaka kukisifu hapa ni glavu isiyo na vidole, iliyofumwa kwa mkono, inayoanzia chini kidogo ya kiwiko au kwenye kifundo cha mkono na kuishia pale vidole vinapoanza kuachana. Ni kitu kidogo, na anayekiona mara ya kwanza hukidhania ni kazi iliyokatizwa. Kijana wa kwanza niliyempa, mwendeshaji bodaboda wa Maseno, alizipokea, akazigeuzageuza, akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, vidole umeviacha wapi?"

"Vidole si unavyo mwenyewe?" nikamjibu.

Hakucheka siku hiyo. Lakini tazama kazi yake. Mkono wa kushoto unakamata klachi, wa kulia unazungusha aksileta na kuvuta breki, na vyote hivyo hufanywa kwa kuhisi, si kwa kutazama. Abiria akishuka, kuna sarafu za kuhesabu. Mara nyingi siku hizi hakuna sarafu, kuna simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na mwaka uliofuata serikali ikaziondolea kodi pikipiki zenye injini ndogo. Mambo hayo mawili yaliyokuja kwa kufuatana yamezaa mji ambamo maelfu ya watu hutafuta riziki wakiwa na usukani mkononi na kioo cha simu mfukoni. Glavu nene ya ngozi, ya mtumba, inakinga upepo vizuri sana, ila lazima uivue kwa meno kila unapolipwa. Nimewaona wengine wamekata ncha ya soksi kuukuu na kuivaa mkononi. Hao walikuwa wameshaigundua glavu yangu kabla sijaifuma. Walichokosa ni dole gumba.

Na si wa bodaboda peke yao. Mvuvi wa omena hutoka usiku, tena usiku wa giza la mwezi, kwa sababu taa zake ndizo zinazowavuta samaki. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, kwa hiyo upepo huvuma kutoka pwani kuelekea majini, ukamfuata mgongoni. Mama anayeanika omena kabla jua halijapanda ana maji ya baridi mikononi tangu saa kumi na moja. Fundi wa nyavu pale Dunga, akiwa amenasa kipande cha wavu kwenye kidole gumba cha mguu, anahitaji ncha za vidole kuliko mtu yeyote ninayemjua. Watu hawa wote hutaka joto hadi mahali fulani, na kutoka hapo wanataka ngozi tupu. Ustadi wa glavu hii uko katika kujua mahali hapo ni wapi.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba kufuma kwa sindano ni kazi ya nchi za theluji, na kwamba sisi tuliipokea tu kutoka kwa wamisionari pamoja na mashairi ya kuimbia Krismasi. Kuhusu njia iliyotufikia, ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini kazi yenyewe haikuzaliwa kwenye theluji. Vipande vya kale kabisa vya ufumaji wa namna hii vinavyojulikana vimetoka Misri: soksi za pamba, si za sufu, za buluu ya nili na nyeupe, nyingine zikiwa na mapambo yanayofuata mwandiko wa Kiarabu, zinazokadiriwa kuwa na umri wa miaka 800 hadi 1,000. Zilifumwa kwa kuzungusha bila mshono, kama ninavyofuma mimi. Mfumaji wa Fustat, huko Misri, alikuwa akinywa maji ya mto uleule unaotoka ziwani kwetu pale Jinja, naye hakuwa akiogopa barafu. Ulaya ilijifunza baadaye. Basi anayeniona na sindano zangu chini ya mwembe, nyuzi joto zikiwa thelathini, asinihurumie.

Sindano zenyewe ni spoku za baiskeli. Waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, wanaelewa bila kuelezwa: sayansi kimu na sanaa na ufundi zilitaka kila mtoto, mvulana kwa msichana, afume kitu, na sindano za dukani hazikuwa za kila mtoto. Fundi wa baiskeli alikuwa na spoku zilizopinda au kukatika, za zile Black Mamba zilizobeba mkaa, maziwa na baadaye abiria. Uliinyoosha kwa nyundo, ukaisugua ncha kwenye saruji mpaka ikateleza bila kuchoma. Wengi wetu tulimaliza soksi za mtoto mchanga ambazo hakuna mtoto mchanga aliyezivaa, tukapata alama zetu, tukasahau. Mimi sikusahau, na spoku sijaziacha hata nilipoweza kununua sindano nzuri, kwa sababu spoku ni nyembamba. Sindano nyembamba huzaa vitanzi vidogo, vitanzi vidogo huzaa kitambaa kilichobana, na kitambaa kilichobana ndicho kinachozuia upepo wa barabara ya Busia. Vitabu vya Ulaya hupendekeza sindano nene kwa ajili ya glavu hizi, ziwahi kuisha. Zinawahi kuisha, ndiyo, na upepo unawahi kupita.

Uzi ni hadithi ndefu zaidi. Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha pamba, KICOMI, kilichokufa miaka ya 1990, na mpaka leo kuna wazee wanaolitaja jina hilo kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu wa nyumbani. Siku hizi uzi wa dukani mwingi ni wa akriliki, wenye rangi za kupendeza na bei ya kupendeza pia, na kwa vitambaa vya kochi hauna ubaya wowote. Kwa mkono unaofanya kazi naukataa. Sufu inaweza kunyonya maji karibu theluthi ya uzito wake kabla mkono haujahisi umaji, na hata ikilowa bado ina joto. Akriliki haina tabia hiyo.

Kwa hiyo naenda Kibuye. Jumapili soko lile hufurika, na marobota ya mtumba ya sweta hufunguliwa chini, sweta zilizovaliwa na mtu wa mbali ambaye hana habari kwamba huku kuna anayezitafuta kwa ajili ya uzi tu. Kuchagua ni elimu. Geuza sweta ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi wa ovaloku, irudishe chini, hata ikiwa nzuri namna gani: uzi wake umekatwakatwa kila mstari na hutapata zaidi ya vipande. Tafuta ile ambayo ukingo wake umefumwa, uzi ukifika mwisho unageuka na kurudi. Kisha chomoa nywele mbili tatu za uzi uziwashe kwa kiberiti, ukiomba ruhusa kwanza, maana wauzaji wana haki ya kushangaa. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka ikabaki tone gumu.

Nyumbani, mishono hufunguliwa, kisha sweta hufumuliwa kuanzia shingoni, kwa maana kitambaa cha namna hii hukubali kufumuka kwa wepesi kutokea kule kilikoishia. Uzi hutoka umejipindapinda kama nywele zilizokaa na mabutu kwa wiki nzima. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga mahali pawili au patatu, unauosha, unautundika ukiwa umeufungia kitu kizito chini yake. Ukikauka umenyooka, na haukumbuki tena kwamba uliwahi kuwa mkono wa sweta.

Kwa mkono wa mwanamume naanza na vitanzi 60, ishirini kwa kila spoku, spoku tatu zikikaa pembetatu na ya nne ikifanya kazi. Kwanza mbavu: vitanzi viwili uso, viwili kinyume, kuzunguka, mpaka kifundo cha mkono kifunikwe vizuri. Hapa sibanii uzi. Damu inayokwenda vidoleni hupita kwenye kifundo cha mkono karibu sana na ngozi, na anayekifunika kifundo amevisaidia vidole ambavyo hakuvigusa. Baada ya mbavu ni vitanzi vya uso peke yake, mzunguko juu ya mzunguko, na mikono hujua njia. Unaweza kusikiliza redio, unaweza kugombana na mtu.

Halafu linakuja dole gumba, na redio inazimwa. Dole gumba halikupangwa mstari mmoja na wenzake. Linatoka ubavuni mwa kiganja, chini, na lina nyama yake shinani inayosogea kila unaposhika kitu. Glavu za bei rahisi hulitobolea tu tundu, na ndiyo maana huvutana kwenye kiganja kila unapokunja ngumi. Njia ya haki ni kulifanyia nafasi mapema. Unachagua kitanzi kimoja ubavuni, na kila mzunguko wa tatu unaongeza kitanzi kimoja upande wake huu na kimoja upande wake ule. Kimoja kinakuwa vitatu, vitatu vinakuwa vitano, mpaka vitimie 21. Kabari inaota ubavuni mwa kitambaa taratibu, kama ilivyoota ubavuni mwa mkono. Vitanzi hivyo 21 unaviweka kwenye kipande cha uzi wa rangi nyingine vikusubiri, unaendelea na kiganja hadi shina la vidole, unamalizia kwa mbavu chache, unafunga kwa ulegevu. Kisha unarudi kwa dole gumba, unaokota vitanzi viwili vitatu vya ziada pembeni ili pasibaki tundu, mizunguko michache, basi. Nawaheshimu sana akina mama wenye mashine za kufuma, zile zinazosukumwa kushoto na kulia, wanaowavisha wanafunzi sweta za shule. Kazi yao ni ya haraka na safi, lakini mashine ile hufuma vipande bapa vya kuungwa baadaye. Kabari ya dole gumba inayoota huku kitambaa kikizunguka inataka spoku nne na mtu aliyetulia.

Sasa nirudi kwa yule fundi wa nyavu, kwa sababu nikimtazama ndipo naielewa kazi yangu. Kila jicho la wavu wake limefungwa kwa fundo. Kazi ya kushona nyavu huifanya zaidi kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena unapofungwa upande wetu wa ziwa, na sijawahi kumwona akifadhaika kwa sababu ya jicho moja lililokatika: mafundo yaliyolizunguka yanashikilia, na wavu unaweza kuvua hata ukiwa na majeraha. Glavu yangu haina fundo hata moja. Kila kitanzi kinashikwa na kitanzi kilichokipitia, hakuna kingine. Kata kimoja, na ufa utateremka mpaka uuzuie. Huo ndio udhaifu wake, lakini bila udhaifu huo sweta ya Kibuye isingefumuka, wala nisingekuwa na uzi. Wavu ukichakaa ni taka, na ule wa nailoni ukipotea majini huendelea kuua samaki bila mwenyewe.

Hata pale uzi unapoisha katikati sifungi. Ncha mbili za sufu zikifunuliwa nyuzinyuzi, zikilazwa moja juu ya nyingine, zikatiwa mate kidogo na kusuguliwa kwa nguvu kati ya viganja, hushikana zikawa uzi mmoja. Wanaoona mate ni uchafu watumie maji. Fundo lingekaa kiganjani, katikati ya mkono na usukani, na mtu anayeendesha kutwa nzima angelijua jina lake kabla ya saa sita.

Zikishakamilika, glavu mbili za namna hii ni sawasawa kabisa. Kwa kuwa kabari iko ubavuni, si kiganjani wala mgongoni, hakuna ya kulia wala ya kushoto. Mwanzoni niliona ni urahisi wangu mimi mfumaji, mpaka yule kijana wa Maseno aliponionyesha maana yake. Mkono wa aksileta husugua kutwa. Wa klachi hupumzika. Glavu ya kulia huanza kung'aa kiganjani, kisha huwa nyembamba, na yeye alikuwa amejizoesha kuzibadilisha kila Jumatatu ili zichakae pamoja. Hata hivyo huchakaa. Nikiletewa mapema nafumua kutoka kwenye vidole mpaka nipite palipokonda, nafuma upya kwa uzi niliouweka akiba. Nikiletewa zikiwa zimetoboka, kazi ni kubwa zaidi. Kwa hiyo siku hizi nikifuma jozi nafuma tatu.

Kijana anasema hiyo ya tatu ni spea, na spea hulipiwa nusu bei. Nimemwambia aende akamuulize muuza tairi. Bado tunabishana.