Kuelekeza, Kupeleka na Kuhamia: Uhakiki wa Istilahi za Orodha Kunjuzi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi imekuwa mara nyingi ikiandamia nyuma ya vitu vyenyewe. Kitu hufika kwanza, hupewa jina na yule aliyekipokea, na baadaye ndipo mwanaistilahi anapoketi kulipima jina hilo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa istilahi za ofisi na za taaluma zilizokusanywa katika vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, na hivyo ndivyo ilivyo leo kwa istilahi za kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, mamia ya majina yalihitajika kwa wakati mmoja, na mengi kati ya hayo yamekubalika na kukaa. Makala haya hayakusudii kuwalaumu wafasiri waliofanya kazi hiyo kubwa. Yanakusudia kuchambua kundi moja dogo la maneno ambalo, kwa maoni yetu, limefasiriwa umbo lake na kuachwa maana yake, na kuonyesha kwamba kosa hilo linamgharimu mwananchi.

Kitu chenyewe

Yafaa kwanza tukieleze kitu kabla ya kulipima jina. Katika kurasa nyingi za wavuti kuna kisanduku kinachoonyesha mstari mmoja tu. Ukikibonyeza, hufunguka na kuonyesha mistari mingine chini yake. Ukichagua mmoja, kisanduku hujifunga tena. Kisanduku hiki kimo katika lugha ya HTML tangu toleo la 2.0 la mwaka 1995, na shabaha yake ya awali ilikuwa kujazia fomu: mtu achague jibu lake, amalize maswali mengine, kisha abonyeze kitufe cha kuipeleka fomu. Lakini katika mwaka huohuo wa 1995 ilizaliwa JavaScript, na waandishi wa programu wakapata uwezo wa kukifanya kisanduku kifanye jambo jingine: mara tu chaguo linapobadilika, kivinjari kiuache ukurasa uliopo na kufungua mwingine, bila ya kungoja kitufe chochote.

Jambo hilo la pili ndilo linaloandikwa kwa Kiswahili kuwa ni “kuelekezwa upya kutoka kwenye menyu kunjuzi.” Katika sentensi hii fupi mna maneno matatu ya kujadiliwa: menyu, kunjuzi, na kuelekeza upya.

Menyu na kunjuzi

Neno menyu limeingia kupitia hotelini, ambako maana yake ni orodha ya vyakula. Hatuna ugomvi nalo kama mkopo. Kiswahili kimekopa mengi na hakikupungukiwa. Lakini kanuni yetu ni kwamba mkopo hutafutwa pale neno la nyumbani linapokosekana. Hapa halikukosekana. Orodha ni neno linalojulikana na kila aliyewahi kutafuta jina lake katika orodha ya wapiga kura au ya waliofaulu mtihani. Tena lina sifa nzuri kwamba halidai kinachoorodheshwa kiwe chakula.

Kuhusu kunjuzi, umbo lake ni la kawaida. Vitenzi vinavyoishia na -ua hutoa majina na sifa za namna hii: nunua hutupa mnunuzi, chagua hutupa uchaguzi. Mtu mwenye sikio kali angeweza kusema kwamba umbo hili humtaja mtendaji, na kwamba orodha haijikunjui bali hukunjuliwa, kama mkeka. Angeweza pia kuuliza kwa nini isiwe -kunjufu. Jibu ni kwamba -kunjufu limekwisha kupata kazi yake: tunasema uso mkunjufu, yaani uso wenye bashasha, na orodha yenye bashasha bado hatujaiona. Kwa kuwa kunjuzi limeenea, linatamkika vizuri, na picha yake ya kitu kilichokunjwa kikakunjuliwa ni ya kweli, hatuoni sababu ya kulibadilisha. Tunapendekeza tu lifuatane na neno la nyumbani: orodha kunjuzi.

Kuelekeza upya

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Neno upya limetiwa ili kujibu kiambishi re- cha Kiingereza. Lakini upya kwa Kiswahili lina maana ya tena, au kwa mara nyingine kuanzia mwanzo. Kumwelekeza mtu upya ni kumwelekeza tena aliyekuwa amekwisha kuelekezwa, labda kwa sababu hakuelewa. Mtu aliyefungua orodha kwa mara ya kwanza hakuwa ameelekezwa na yeyote. Hilo upya linahesabu nini?

Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi chenyewe. Msafiri atokaye Rusumo akafika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, hukuta njia panda: njia moja yaenda Kahama, nyingine yaenda Kibondo na Kigoma. Kibao kilichosimama njia panda humwelekeza. Akishakisoma, miguu ni yake na uamuzi ni wake. Lakini aliyekwisha kupanda basi haelekezwi Kahama, hupelekwa Kahama. Kiswahili kinatenganisha mambo haya mawili kwa uwazi kabisa: kuelekeza humwachia mtu hiari yake, kupeleka humchukua mtu na hiari yake. Ukurasa unaobadilika wenyewe mara kidole kinapogusa mstari haukumwelekeza msomaji. Umempeleka. Kuuita uelekezaji ni kulipa basi jina la kibao.

Hata hivyo uko uelekezaji wa kweli katika wavuti, nao wastahili jina lake. Itifaki ya HTTP, tangu toleo la 1.0 lililochapishwa mwaka 1996, imeweka namba za majibu ambazo kwazo seva humwarifu kivinjari kwamba kitu anachokitafuta kiko mahali pengine: 301 ikiwa kimehama moja kwa moja, 302 ikiwa kimehama kwa muda. Hapo mtu alikuja kwa anwani ya zamani, akaelekezwa kwenye anwani mpya. Jambo hili wakazi wa Kagera wanalijua vizuri nje ya kompyuta. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina kuwa Kagera mwaka 1979. Chato ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, ikawa wilaya, na mwaka 2012 ikahamia mkoa mpya wa Geita. Anayemtafuta mtu wa Chato katika majalada ya Biharamulo huambiwa: wamehama, nenda Geita. Huku ndiko kuelekeza kwingine, na kamusi-elezo ya Wikipedia ya Kiswahili hutumia kitenzi hiki ipasavyo inapomwarifu msomaji kwamba ameelekezwa kutoka jina moja hadi jingine.

Kwa hiyo istilahi moja, kuelekeza upya, imebebeshwa mizigo miwili isiyofanana: taarifa ya seva kuhusu kitu kilichohama, na tendo la programu linalomwondoa mtu alipo kwa sababu amegusa orodha. Istilahi inayotaja vitu viwili si istilahi bado.

Mfano wa Ngara na Biharamulo

Msomaji ataweza kuuliza: je, hii si mizaha ya wanalugha? Mwandishi wa programu atafanya atakavyo, tuite kibao au tuite basi. Tunaomba tulijibu swali hili kwa mfano.

Tuchukue ukurasa wa kubuni wa huduma yoyote ya umma, wenye orodha kunjuzi ya wilaya za mkoa wa Kagera kwa taratibu ya alfabeti: Biharamulo, Bukoba, Karagwe, Kyerwa, Misenyi, Muleba, Ngara. Juu ya kisanduku pameandikwa: “Chagua wilaya ili kuelekezwa upya.” Mwalimu wa kata ya Kirushya, wilayani Ngara, anaketi mbele ya kompyuta isiyo na kipanya, au haoni na anatumia programu inayomsomea maandishi. Anashuka kwa kitufe cha mshale. Wilaya yake ni ya mwisho katika orodha. Inambidi apite sita kabla ya kuifikia. Katika baadhi ya vivinjari, orodha ikiwa haijafunguliwa, kila mshale unaoshuka huhesabiwa kuwa ni chaguo lililobadilika. Mshale wa kwanza unatua Biharamulo, na ukurasa wa Biharamulo unafunguka. Mwalimu anarudi, anajaribu tena, anapelekwa Biharamulo tena. Ngara yake ipo katika orodha lakini hafiki.

Sasa tuondoe mstari wa juu usemao “Chagua wilaya,” kama wafanyavyo wengine kwa kupunguza maneno. Orodha inaanza na Biharamulo yenyewe. Mkazi wa Biharamulo anaona jina la wilaya yake tayari limesimama katika kisanduku. Analichagua, hakuna kinachotokea, kwa sababu programu hungoja badiliko, na kuchagua kilichokwisha kuchaguliwa si badiliko. Hivyo kwa kosa la aina moja, mtu wa Ngara anapelekwa asikotaka, na mtu wa Biharamulo hapelekwi atakako. Mwenye simu naye ana hasara yake: kidole kikiteleza kutoka Ngara hadi Muleba iliyo juu yake, ukurasa usiotakiwa unapakuliwa na kifurushi cha data kinapungua kabla hajasema lolote.

Wataalamu wa wavuti wameliona tatizo hili. Mwongozo wa W3C kuhusu upatikanaji wa maudhui ya wavuti, toleo la 2.0 la mwaka 2008, katika kigezo 3.2.2, unataka kwamba kubadilisha chaguo pekee kusimwondoe mtumiaji alipo, isipokuwa ameonywa kabla. Tuzingatie maneno hayo ya mwisho. Onyo hutolewa kwa lugha. Iwapo onyo linasema “kuelekezwa,” msomaji wa Kiswahili atadhani ataonyeshwa njia, kisha aamue mwenyewe. Atakuwa ameonywa kwa neno linalomficha jambo analoonywa. Hapa istilahi mbovu si kasoro ya urembo. Ni kasoro ya taarifa, na mfasiri ndiye aliyeitia.

Kupitia, kuchagua, kuthibitisha

Kasoro hiyo ina ndugu yake katika kitenzi kilichotangulia. Maelekezo mengine husema chagua, mengine teua, kana kwamba ni mamoja. Mtumishi wa serikali hawezi kuyachanganya: wananchi humchagua mbunge, Rais humteua mkuu wa wilaya. Teua lina harufu ya mamlaka na ya kumpa mtu kazi. Halifai kwa mtu anayetaja tu wilaya anayokaa. Tunapendekeza chagua libaki peke yake katika orodha kunjuzi.

Lakini chagua nalo lisibebeshwe hatua zote. Mwalimu wetu wa Kirushya alipokuwa akishuka kwa mshale hakuwa akichagua; alikuwa akipitia, kama mtu anavyopitia orodha ya majina ubaoni akilitafuta lake. Kuchagua kulikuja alipofika Ngara. Kuthibitisha kungekuja baada ya hapo, kwa kubonyeza kitufe. Na kuhamia ukurasa mwingine ni matokeo ya kuthibitisha. Programu yenye kasoro imezibana hatua nne kuwa moja, na lugha ya maelekezo imeisaidia kwa kuziita zote kuchagua. Mfasiri aliye na vitenzi vinne mkononi, akiletewa ukurasa wenye hatua moja tu, ataona mara moja kwamba kuna hatua zilizokosekana, na ataweza kumwambia aliyeutengeneza.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaweka mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa umma mapendekezo yafuatayo:

1. Orodha kunjuzi litumike mahali pa menyu kunjuzi, hasa katika fomu zinazokusudiwa wananchi wote.

2. Kuelekeza kwingine litumike kwa jibu la seva linaloarifu kwamba ukurasa umehama. Kuelekeza upya liachwe.

3. Kupeleka litumike pale ambapo programu yenyewe inambadilishia mtu ukurasa, na kuhamia pale ambapo mtu mwenyewe ametoa idhini. Onyo liandikwe waziwazi: “Ukichagua wilaya utapelekwa papo hapo kwenye ukurasa wake.”

4. Kupitia, kuchagua na kuthibitisha vitenganishwe katika maelekezo na katika kufundishia. Kitufe cha kuthibitishia kiandikwe Nenda au Endelea, na mstari wa kwanza wa orodha uwe ni mwito usemao “Chagua wilaya,” usiwe jina la wilaya.

Huenda ikasemwa kwamba kuelekeza upya limekwisha kuzoeleka. Kwa kweli limezoeleka machoni pa wafasiri kuliko masikioni mwa watu. Sijasikia mtu akimwelekeza mwenziwe upya njiani kwa maana hiyo. Wakati wa kulisahihisha ni sasa, fomu za umma zinapozidi kuhamia katika wavuti na kabla halijachapwa katika vitabu vya shule. Wasomaji wenye hoja za kuunga mkono au kupinga mapendekezo haya wanaombwa wazilete, pamoja na mifano ya sentensi kutoka katika kazi zao za kila siku, ili kamati ya istilahi itakapokutana iwe na matumizi halisi ya kupimia.