Mpango na Maneno katika Menyu ya M-Pesa: Uhakiki wa Matini Itumiwayo Meru na Embu

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuushughulikia ushairi, riwaya, tamthilia na fasihi simulizi. Matini za matumizi ya kila siku zimeachiwa wafanyabiashara na mafundi, kana kwamba hazina mtindo wala athari. Makala haya yanakusudia kuichunguza matini moja ya aina hiyo, yaani menyu ya M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanzishwa nchini Kenya mwezi wa Machi, 2007. Eneo linaloangaliwa ni Meru na Embu, ambako mwenye shamba la kahawa huko Runyenjes, mchuuzi wa ndizi katika soko la Nkubu na mfanyabiashara wa miraa huko Maua hukutana na matini hiyo kila mara. Wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kimeru, Kiembu au Kimbeere. Kiswahili ni lugha ya soko na ya shule.

Hoja kuu ni kwamba mpango wa menyu ni sehemu ya maana yake. Mpango ukibadilishwa, msomaji hapotezi raha ya mazoea tu. Hupotewa na sehemu ya maana yenyewe, na pengine na siri yake pia.

Mpango na kumbukumbu

Wataalamu wa fasihi simulizi wanaikumbuka kazi ya Milman Parry na Albert Lord juu ya waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, ambayo Lord aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1960. Walionyesha kwamba mwimbaji hakariri utendi neno kwa neno, bali huutunga papo hapo kwa msaada wa mafungu ya maneno na matukio yaliyozoeleka. Mtumiaji wa menyu naye ana njia yake ya namna hiyo. Hasomi kila neno kila anapoifungua. Anajua kwamba kutuma ni kwa kwanza, kutoa ni kwa pili, kisha huja namba, kiasi na namba ya siri. Kidole kinatangulia, jicho linafuata. Pale ambapo huduma hufunguliwa kwa kupiga *334#, jambo hili huonekana wazi zaidi, kwa kuwa msomaji hujibu kwa tarakimu. Tarakimu hiyo haina uhusiano wowote na tendo ila nafasi yake katika orodha. Ikiwa jambo jipya litaingizwa katikati, yote yanayofuata hubadilishwa majina bila ya mtu kuambiwa.

Menyu hii imebadilika mara nyingi. Mwaka 2010 ilikuja M-Kesho. Mwezi wa Novemba, 2012, M-Shwari. Mwaka 2013, Lipa na M-PESA. Mwezi wa Januari, 2019, Fuliza. Na mwaka 2021 programu ya simu janja, ambayo iliweka picha na vitufe mahali pa orodha. Badiliko la 2013 lafaa kutazamwa kwa makini. Malipo ya bili, ambayo awali yalisimama peke yake katika orodha ya kwanza, yaliwekwa ndani ya jina jipya pamoja na malipo ya dukani. Kwa mtazamo wa mpangaji, hatua hiyo ilikuwa ya busara, kwani vitu vya jamii moja vilikusanywa pamoja na orodha ikafupika. Lakini kwa msomaji aliyezoea, tendo lile lile likawa na mlango mmoja zaidi, na juu ya mlango huo kuna jina ambalo hakulijua.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Taabu hapa si ya moyo tu. Miraa hupoteza thamani upesi baada ya kuchumwa, na mnunuzi hangoji mtu apekue orodha. Mzee aliyepotea njia humpa mjukuu simu, au humpa wakala. Na kwa kuwa safari yote huishia kwenye namba ya siri, mara nyingi namba hiyo nayo hutajwa. Hivyo badiliko la mpangilio lililofanywa Nairobi laweza kumwondolea mtu wa Ishiara uhuru wa kushika fedha zake mwenyewe.

Maneno

Katika uteuzi wa maneno, menyu ina mema na mabaya. "Muda wa maongezi" ni istilahi nzuri: inaeleweka mara moja, nayo imejengwa kwa maneno ya kawaida. "Tuma pesa" haina utata. "Toa pesa" ina utata, kwa kuwa kutoa ni kuchukua fedha kutoka mahali na pia ni kumpa mtu, kama watu wanavyotoa katika harambee. Utata huo huondolewa na jirani zake tu, yaani "tuma" iliyotangulia na "wakala" anayefuata. Huu ni ushahidi mwingine kwamba nafasi ni maana.

"Lipa na M-PESA" inafuata muundo wa Kiingereza; kihusishi cha kifaa katika Kiswahili sanifu ni "kwa". "Pochi la Biashara" nayo imeitoa pochi katika ngeli yake ya kawaida ya I-ZI. Makosa haya ni madogo, lakini yanarudiwa mbele ya wanafunzi ambao mwalimu wao amewafundisha kinyume.

Zito zaidi ni majina yanayoficha tendo. Fuliza, kwa maana yake ya asili, ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Ndani ya menyu ni kukopa ili malipo yaliyopungukiwa yakamilike. Jina linasifu mwendo na kunyamazia deni. Shwari ni utulivu wa bahari, na Okoa Jahazi, jina la mkopo wa muda wa maongezi, nalo limetoka baharini. Mwenyeji wa miteremko ya Mlima Kenya hujifunza jina la namna hii kama alama tupu, na alama tupu hushikwa kwa nafasi yake. Ikihamishwa, haina kitu cha kuitambulisha.

Hata uchaguzi wa lugha umewekwa ndani ya "Akaunti yangu". Asiyejua Kiingereza, simu yake ikiwa katika lugha hiyo, hana budi kuisoma lugha asiyoijua ili aifikie ile anayoijua.

Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba menyu isibadilike. Huduma zimeongezeka na orodha haingeweza kubaki kama ilivyokuwa 2007. Linalodaiwa ni kwamba wanaoibadilisha waihesabu kuwa matini yenye wasomaji. Mambo mapya yawekwe mwishoni, ili tarakimu za zamani zisiguswe. Majina yataje tendo, hasa tendo la kukopa. Uchaguzi wa lugha uwe mlangoni. Na kila mpango mpya ujaribiwe kwanza na wasemaji wa Kimeru na Kiembu wenye umri na elimu mbalimbali. Idara za Kiswahili nazo zina wajibu wao. Zimetunga istilahi nyingi ambazo hazijafika sokoni, huku soko likijitungia zake bila ya kuwauliza wanaisimu.