Monita Kuukuu, Bodi Mpya: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Monita ya inchi 17 yenye tundu la VGA peke yake haijafa. Fundi wa Juba akiitoa bodi ya zamani na kupachika bodi ya jumla yenye HDMI, inafufuka. Lakini kufufuka si kuona vizuri, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa mkali.

Anza na idadi ya nukta. Paneli nyingi za ukubwa huo zina 1280 kwa 1024, na hakuna fundi wa kuziongeza. Anayekuambia monita hiyo sasa ni Full HD anakuuzia maneno: bodi inapokea picha ya 1920 kwa 1080, kisha inaibana iingie. Uwiano wa paneli ni 5 kwa 4, hivyo picha pana ikijaza kioo chote, nyuso hurefuka.

Unganisha kompyuta, fungua orodha ya vipimo vya skrini. Je, 1280 kwa 1024 ipo? Monita hujitambulisha kwa kompyuta kupitia data fupi iitwayo EDID, na bodi za televisheni kama V59 mara nyingi hujitambulisha kama televisheni. Kipimo kikikosekana, maandishi yatakuwa na ukungu. Kwa kazi ya ofisi mimi huchagua bodi ya monita yenye chipu ya RTD2662, hata kama haina spika wala rimoti.

Sasa onyesha mistari myembamba ya nukta moja moja, mweusi kwa mweupe. Ukisogea nyuma uone kijivu kilichotulia. Mawimbi yakitokea, picha inanyooshwa. Kisha onyesha picha ya rangi inayobadilika polepole: ikipanda kwa ngazi badala ya kuteleza, huenda biti za rangi zimepangwa vibaya.

Halafu omba kifuniko kifunguliwe, umeme ukiwa umechomolewa. Jampa ya volti ilingane na karatasi ya data ya paneli: paneli ya volti 5 ikipewa 12 huungua. Nyaya za LVDS, zinazopeleka picha kwenye paneli, ziwe fupi, mbali na waya za taa ya paneli.

Juba ni mji wa jenereta na sola, na bodi hizi hula volti 12, hivyo betri inatosha bila inveta. Ila betri inapochajiwa hupita volti 14. Fundi aliyeweka kidhibiti cha volti bila kuombwa, mlipe bila kupunguza bei.