Jiji Zima Ndani ya Megabaiti 32

Katika mabanda ya gemu ya Mtopanga na Mishomoroni, Mombasa, kuna wakati gemu ya San Andreas huumbuka. Mchezaji anakanyaga mafuta kwenye barabara kuu, na ghafla lami iliyo mbele yake haipo. Nyumba za kando zimekuwa maboksi yenye ukungu, hayana dirisha wala mlango. Gari lenyewe laendelea kwenda, likiteleza juu ya barabara isiyoonekana, mpaka ligonge ukuta ambao bado haujachorwa. Mwenye pedi hulaumu sidii, mwenye banda hulaumu lenzi. Wote wawili wana haki, ila chanzo cha kisa hiki kiko Edinburgh, Scotland, kwa waandishi wa programu wa Rockstar North waliotaka kutia jiji zima mahali pasipotosha hata mtaa mmoja.

PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000 ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, na nyingine 4 za kuchorea picha. Hizo 4, leo picha moja ya simu inaweza kuzijaza na kumwagika. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa mashine hiyohiyo, na ndani yake mna miji mitatu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, pamoja na mashamba, jangwa na mlima: eneo la takriban kilomita za mraba 36. Hakukuwa na njia ya kuliingiza lote kwenye megabaiti 32. Basi halikuingizwa.

Kinachokaa ndani ya kumbukumbu ni kile kipande alichopo mchezaji, basi. Programu hutazama alipo, huagiza kutoka kwenye diski maumbo na rangi za mtaa unaofuata, na kuutupa ule alioupa kisogo. Jengo la mbali huwekewa umbo hafifu lenye kona chache, na mchezaji akikaribia hubadilishwa na jengo lenyewe. Zaidi ya hapo kuna umbo la tatu, lisiloonekana kabisa, ambalo kazi yake ni kugongwa tu. Hilo ni jepesi kuliko picha, kwa hiyo hufika mapema. Ndiyo maana gari la Mtopanga hupata pa kukanyaga kabla dereva hajaiona barabara.

Gemu iliyotangulia, Vice City ya 2002, haikuthubutu kufika hapo. Ilikuwa na visiwa viwili vikubwa, na mtu akivuka daraja mchezo ulisimama, skrini ya kusubiri ikaja, kisha ng'ambo ikapakiwa. Mtu wa Likoni hahitaji kuelezwa hali hiyo. Anaijua kwenye foleni ya feri. San Andreas iliifuta foleni. Kutoka katikati ya Los Santos hadi kwenye kasino za Las Venturas hakuna mahali mchezo husimama kumsubirisha dereva barabarani.

Ujanja mwingi ulihitajika ili jambo hilo lisijulikane. Ule ukungu wa rangi ya chungwa unaofunika Los Santos watu huuchukua kama hali ya hewa ya California, na kwa kweli unapendeza, lakini pia huficha mahali ambapo picha inaishia. Aina za magari yanayoweza kukaa kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja ni chache. Kila mchezaji amewahi kulishangaa hilo: unahangaika kutafuta gari adimu, unalipata, na mara barabara nzima imejaa magari kama hilo. Si bahati. Gari lako tayari limeshapakiwa, na programu inaona ni nafuu kulirudia kuliko kuagiza jingine.

Obbe Vermeij, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi wa Rockstar North, amesimulia jinsi mambo yalivyokuwa magumu tangu Grand Theft Auto III ya 2001. Katika sehemu ya Portland, diski ilishindwa kwenda sambamba na gari. Walijaribu kubadilisha mpango wa barabara ili dereva apunguze mwendo, na mwisho wakaongeza upinzani wa hewa kidogo katika barabara hizo. Gari likawa zito bila dereva kujua kwa nini. Huo ni udanganyifu wa kiungwana. Gemu nyingi nzuri zimejengwa kwa udanganyifu wa namna hiyo.

Hata miaka ilipopita, tatizo halikwisha. Machi 2020, Mark Cerny wa Sony alipoeleza jinsi PlayStation 5 ilivyoundwa, alitaja Spider-Man ya PlayStation 4, ambayo baadhi ya vitu vyake vilinakiliwa hadi mara 400 kwenye diski kuu ili kichwa cha kusomea kisihangaike kuvitafuta mbali. Mashine mpya husoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde, na haina kichwa cha kutembezwa.

Turudi kwenye lenzi ya Mtopanga. Kisomaji cha PlayStation 2 kikiwa na afya husoma diski ya DVD kwa kiasi cha megabaiti 5 kwa sekunde. San Andreas haiachi kukisumbua: kinaleta mtaa, kinaleta redio ya gari, kinarudi kuleta mtaa, mradi kichwa kinaruka huku na huko. Sasa ipe lenzi hiyo vumbi la barabara isiyo na lami, chumvi ya bahari, diski iliyochomwa kwa kompyuta na kukwaruzwa na vidole vya mtaa mzima, na mashine inayowaka tangu asubuhi hadi stima ipotee. Fundi huifuta kwa pamba na spiriti. Isiposikia, huongeza nguvu ya miale kwa kuzungusha kijiskrubu kidogo sana pembeni yake, na hapo lenzi husoma tena vizuri huku ikiufupisha umri wake.

Baadaye ikaja flashi. Kwa kadi ya memori iliyowekewa programu maalumu, mashine husoma gemu kupitia tundu la USB, na lenzi inapumzika. Wengi walidhani matatizo yamekwisha. Lakini tundu lile ni la kizazi cha kwanza cha USB: kikomo chake ni megabaiti 1.5 kwa sekunde, na kwa kawaida hakifikiwi. Video za God of War zikaanza kukwamakwama, na San Andreas, ambayo ndiyo iliyotarajiwa kuokolewa, ikazidi kuchelewa.

Gemu ya mpira haikujali. Pro Evolution Soccer (PES) 6, ya Oktoba 2006, huingiza uwanja, mpira na wachezaji wa timu zote mbili kabla ya kipenga. Mechi ikishaanza, kazi kubwa inayobaki kwa diski ni sauti ya mtangazaji. Lenzi ikichoka, mtangazaji hukatika katikati ya neno, naye Adriano wa Inter anaendelea kupiga mashuti yake yasiyozuilika. Mwenye banda anayetoza kwa mechi anajua maana ya hilo: mechi isiyoganda ni mechi isiyodaiwa kurudishiwa pesa. Mpira unapendwa Changamwe na Likoni kwa sababu nyingi, lakini mojawapo imo ndani ya mashine, na hutajwa mara chache.

Ladha ya gemu hiyo ya mpira nayo ina siri ya kiufundi. Kwenye runinga nene za zamani, zile zenye kisogo, kitufe kikibonyezwa pasi hutoka papo hapo. Mashine hiyohiyo ikiunganishwa na runinga bapa, wachezaji hulalamika kwamba gemu imekuwa nzito. Hawakosei. Runinga bapa hupokea picha ya mistari nusunusu, huiunganisha na kuikuza kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchukua muda mfupi unaotosha kumfanya beki achelewe.

Sony iliacha kuitengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013, lakini Konami, kampuni inayounda PES, ilitoa PES 2014 kwa ajili yake Novemba mwaka huohuo. Baada ya hapo mabanda yalijitegemea. PES huhifadhi marekebisho ya wachezaji, jezi na majina kwenye kadi ya memori ya megabaiti 8, kwa hiyo mtu mvumilivu huweza kuingiza usajili wa msimu mpya kwa pedi, jina baada ya jina, au kunakili faili iliyokwisha kurekebishwa. Ndani ya kadi hiyo ndimo Liverpool na Chelsea zinamopata majina yao, maana Konami haikuwa na leseni ya timu hizo katika PES 6. Kadi ikiibwa au ikifutika, banda hufungua asubuhi na kukuta Merseyside Red wanacheza na London FC, na wateja hawataki kuingia mpaka mambo yarekebishwe.