Mizani ya Kibanda: Kaluuya Miongoni mwa Wakubwa

Mjadala huu ulizuka baada ya semina ya fasihi simulizi, na ulianza vibaya. Mwenzetu mmoja alidai kwamba orodha yoyote ya waigizaji wakubwa wa Uingereza walio hai isiyo na jina la Daniel Kaluuya haijakamilika. Akajibiwa kwamba orodha hiyo ina Judi Dench, Ian McKellen, Anthony Hopkins na Daniel Day-Lewis, na kwamba kumwingiza humo mtu aliyezaliwa 1989 ni kumkalisha mtoto katika baraza la wazee. Hapo ndipo ilipotoka hoja iliyoniudhi kuliko zote, kwa kuwa ilitoka upande niliokuwa nikiuunga mkono: "Lakini ni wetu." Wazazi wake walitoka Uganda, jina lake ni la Kiganda, basi ni mkubwa.

Nami namhesabu Kaluuya miongoni mwa wakubwa, ila hoja hiyo haimsaidii hata kidogo. Kama asili ndiyo mizani, itabidi Wazanzibari nao wamdai Ben Kingsley. Babu yake mzaa baba alikuwa mfanyabiashara wa viungo aliyetoka India akahamia Zanzibar. Kingsley mwenyewe alizaliwa Yorkshire mwaka 1943 na akaitwa Krishna Bhanji. Alipoingia katika fani akabadili jina kwa kuhofia kwamba jina la kigeni lingemfungia milango, na mwaka 1983 akapata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Gandhi. Kaluuya hakubadili jina. Limepita katika mabango ya dunia nzima likiwa na irabu zake zote. Hilo linatueleza jambo kuhusu Uingereza ya miaka ile na ya miaka hii, lakini kuhusu uigizaji halituelezi kitu. Na wanaotumia mizani ya asili si sisi peke yetu. Mwaka 2017 Samuel L. Jackson alihoji hadharani kwa nini nafasi ya kijana Mmarekani mweusi katika filamu ya Get Out alipewa Mwingereza. Sisi tunamvuta kwa pasipoti, Jackson anamsukuma kwa pasipoti, na katika mvutano huo hakuna anayetazama uso wa mtu huyo unafanya nini.

Lugha yetu nayo imetutega kidogo. Mwigizaji, kwa mzizi wa neno, ni mtu anayeiga, na sifa ya kwanza tunayompa ni kwamba amefanana. Ndiyo maana ukitaja The Last King of Scotland, filamu ya mwaka 2006 iliyopigwa hapa hapa Uganda, kila mtu atakusimulia habari za Forest Whitaker: alivyojifunza Kiswahili, alivyotembea kama Amin, alivyocheka kama Amin. Anastahili sifa hizo na tuzo aliyopata. Lakini filamu ile tunaiona kwa macho ya mtu mwingine, daktari kijana wa kubuni aitwaye Garrigan, aliyeigizwa na James McAvoy wa Scotland. Kazi ya McAvoy kwa sehemu kubwa ni kusikiliza: kuvutiwa, kisha kutilia shaka, kisha kuogopa huku akijitahidi hofu isionekane. Tishio la Whitaker tunalisoma katika uso wa McAvoy. Hata hivyo sijamsikia mtu Kampala akimtaja. (Wala, kwa kweli, sikumsikia mtu katika mjadala wetu akimtaja Abby Mukiibi au Stephen Rwangyezi, ambao wamo katika filamu hiyo hiyo, na ambao kama ni kusema "ni wetu" wangetangulia.)

Nina mizani nyingine, na sikuipata darasani. Wengi wetu tulikutana na filamu za kizungu katika kibanda cha video, kupitia VJ. Kwa msomaji asiye wa hapa: VJ ni mtu anayeifasiri filamu kwa Kiluganda, sauti yake ikiwa juu ya sauti za waigizaji. Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. VJ hatafsiri tu, bali anasimulia, anaongeza utani, anawapa wahusika majina ya mitaa yetu, anawaonya kabla hawajafungua mlango. Kwa istilahi ya semina yetu, VJ ndiye fanani na sisi kwenye mabenchi ndio hadhira, na mwigizaji wa London amebaki kuwa picha. Lafudhi yake haipo tena, wala kiimbo chake, wala ule utamkaji uliomchukua miaka chuoni. Kinachobaki ni kile ambacho wahadhiri wetu hukiita viziada lugha: macho, vidole, mabega, pumzi, namna ya kukaa. Basi swali la kibanda ni hili: mwigizaji akinyang'anywa sauti, anabaki na nini?

Get Out niliiona kwanza hivyo, katika kibanda kimoja cha Bwaise, kabla sijaitazama tena kwa sauti yake. Mnalijua tukio lenyewe. Chris amekaa kwenye kiti usiku, mama wa mpenzi wake amekaa mbele yake akizungusha kijiko ndani ya kikombe cha chai, na anamuuliza alikuwa wapi usiku ule mama yake alipokufa. VJ alianza kwa mbwembwe, akimtania Chris kwamba chai ya wakwe hainywewi ovyo. Kisha uso wa Kaluuya ukajaza skrini. Macho yamefunguka wazi kabisa, mdomo umeachama kidogo, machozi yanashuka na hakuna msuli hata mmoja unaoyasaidia kushuka. VJ akanyamaza. Mtu ambaye riziki yake ni kusema alikosa la kusema, na kibanda kizima kikatulia pamoja naye.

Nilipoitazama mara ya pili ndipo nilipoona vidole. Wakati Chris anakumbuka jinsi alivyokaa mbele ya televisheni akiwa mtoto, bila kumpigia mtu yeyote simu, kucha zake zinakwaruza mkono wa kiti. Ni ishara ndogo ya mtoto mwenye hatia. Baadaye katika filamu mwigizaji huyo huyo anakwaruza kiti kingine mpaka pamba inatoka, na pamba hiyo ndiyo itakayomwokoa. Mwandishi na mwongozaji, Jordan Peele, ndiye aliyepanga hivyo, nakubali. Lakini ni Kaluuya aliyezifanya kucha zile zionekane kwanza kama maumivu, hata hatukuzishuku kuwa ni maandalizi ya kisa.

Sasa mlete Hopkins kibandani. Katika The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, mara ya kwanza tunapomwona Hannibal Lecter amesimama wima katikati ya seli yake, mikono imeshuka, anasubiri. Hatembei, na macho yake karibu hayapepesi. Mwondolee sauti, bado utataka kurudi nyuma hatua moja. Wenzangu wanaosema kwamba utulivu wa Kaluuya ni mbinu ya sinema za kisasa, isiyo na mizizi katika uigizaji mkubwa wa Uingereza, hawajamtazama vizuri mzee wao. Tofauti yao naiona kwingine. Hopkins anatulia kama mwenye mamlaka ambaye hana haja ya kujisumbua, ilhali Chris wa Kaluuya ametulia kwa sababu mamlaka juu ya mwili wake yamechukuliwa. Kisha katika Widows (2018) Kaluuya anageuza kibao: jambazi Jatemme anamsogelea kijana anayeimba, anasimama pua kwa pua naye, anasikiliza mpaka mwisho kama shabiki, halafu anaua. Na katika Nope (2022) ni mfuga farasi mwenye maneno machache anayegundua kwamba kiumbe kilicho angani hushambulia anayekitazama. Uigizaji wote wa sehemu ile unategemea mtu kujua lini ainamishe macho na lini ayainue. Hiyo ni mitulivu mitatu ya mtu mmoja, na haifanani.

Hapa nitatofautiana hata na walio upande wangu. Kazi iliyompa Oscar, Judas and the Black Messiah, siihesabu kuwa kazi yake bora. Humo anamwigiza Fred Hampton, kiongozi wa Black Panther wa Illinois aliyeuawa Desemba 1969 akiwa na umri wa miaka 21. Ni uigizaji wa sauti: hotuba, mapigo ya mhubiri, lafudhi ya Chicago iliyoshonwa vizuri. Nilivutiwa, lakini niliuona ushonaji. Mahali nilipomsahau Kaluuya nikamwona Hampton ni pale Deborah, mwenye mimba yake, anapomsomea shairi kuhusu mtoto wanayemtarajia, naye hana la kufanya ila kulipokea. Na kama mtu atanitajia tuzo kuwa ushahidi, nitamkumbusha kwamba waigizaji wote wawili wakuu wa filamu hiyo, yeye na LaKeith Stanfield, waliwekwa katika kundi la waigizaji wasaidizi. Sasa aliyesaidiwa alikuwa nani?

Usiku ule wa 25 Aprili 2021 ulikuwa na jambo jingine. Kaluuya alipanda jukwaani, akashukuru, akaeleza mbele ya dunia nzima namna wazazi wake walivyomtafuta, na sebuleni kwetu shangazi akajifanya anatafuta rimoti. Tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ikaenda kwa Hopkins, mwenye umri wa miaka 83, ambaye hata ukumbini hakuwepo. Alishinda kwa The Father, filamu ya mzee anayepotewa na akili. Mwishoni mzee yule, aliyekuwa na kiburi na utani filamu nzima, analia katika nyumba ya wazee akimtaka mama yake. Nilipoliona tukio hilo nilikumbuka kiti cha Chris. Waigizaji wawili wa Uingereza waliopishana zaidi ya nusu karne, mmoja mzawa wa Wales na mwingine mwana wa wahamiaji kutoka huku kwetu, kilele cha kila mmoja ni mwanamume aliyekaa akirudishwa utotoni kwa ajili ya mama yake. Hopkins analiendea tukio hilo akivua kitu kimoja kimoja: hadhi, kisha ukali, kisha lugha. Kaluuya analifikia kwa mara moja, kama mtu aliyeangushwa kisimani. Ukiniuliza, njia ya Hopkins ni ngumu zaidi, kwa sababu kila hatua inaonekana na hakuna hata moja iliyorukwa.

Mwenzangu mmoja wa kike alinipinga kwa hoja ambayo mpaka sasa sijaijibu vizuri. Alisema: ninyi mnaosoma fasihi simulizi mtamhukumuje msanii baada ya kumkata ulimi? Mtambaji wa ngano bila sauti ni nani? Kweli mizani ya kibanda inamdhulumu Dench, ambaye wanaomjua jukwaani husema kazi yake iko ndani ya mstari wa shairi, na inamdhulumu McKellen vilevile. Nyerere alituthibitishia katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kwamba maneno ya Shakespeare yanaweza kuvuka bahari. Sauti ya aliyeyasema kwenye ukumbi fulani jioni fulani haivuki. Hata Kaluuya mwenyewe nusu yake hatuna: mwaka 2013, katika ukumbi wa Young Vic huko London, alimwigiza Mobutu katika tamthilia ya A Season in the Congo, Chiwetel Ejiofor akiwa Lumumba. Fikiria, Mobutu, jirani yetu, aliyeigizwa na kijana wa asili ya hapa, na waliomwona ni Walondon. Hakuna VJ atakayetuletea hilo.

Nilimjibu tu kwamba nahukumu kilichonifikia. Akasema hilo ni jibu la hakimu aliyesikiliza shahidi mmoja. Tukaachana hapo, yeye akielekea Wandegeya nami maktaba, lakini kabla ya kuachana alinilazimisha nitaje orodha yangu, niiandike na kuitia sahihi. Niliandika: Hopkins kwanza, Dench wa pili, Kaluuya wa tatu, Day-Lewis wa nne. Akauliza kwa nini Dench ni wa pili ikiwa mizani yangu haimfai. Nikamwambia nafasi hiyo nimeijaza kwa masikio ya watu wengine.