Kisu Kinaporudi

Katika maandishi ya wanawake waliougua saratani ya titi, kisa hufuata njia iliyozoeleka. Mwanamke hupapasa kifua chake, akakuta uvimbe, akaingiwa na hofu, akapasuliwa, kisha akazinduka akiwa mtu mwingine. Kisu kimoja huugawa umri mafungu mawili, na kitabu hufuata mgawanyo huo. Sisi wasomaji tumeridhika na mpango huu kwa kuwa una mwanzo na mwisho. Lakini unaficha jambo ambalo wagonjwa wengi wanalipitia, nalo ni kurejeshwa kitandani mara ya pili. Kwa rai yangu, mwandishi wa maradhi haya hupimwa hapo, pale kisu kinaporudi.

Zamani titi zima liliondolewa. Kisha majaribio ya Umberto Veronesi wa Milan na Bernard Fisher wa Marekani yakathibitisha, kuanzia miaka ya 1980, kwamba saratani iliyogunduliwa mapema yaweza kutibiwa kwa kutoa uvimbe na kufuatisha mionzi, bila ya kumpunguzia mgonjwa umri wake. Wengi wakabakishiwa titi. Rehema hiyo ina sharti lake: nyama iliyotolewa hupelekwa maabara, na chembe za ugonjwa zikionekana zimegusa ukingo wake, mgonjwa huitwa tena akatwe zaidi. Uchunguzi wa wanawake zaidi ya 55,000 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa mmoja kati ya watano alirudi kupasuliwa.

Nayajua haya kwa sababu yamepita nyumbani kwetu. Mdogo wangu alipasuliwa mara mbili, baina yake wiki tano. Mara ya kwanza ukumbi ulijaa. Watu walikuja na uji, na dua, na neno moja ambalo kila mmoja alilileta kama zawadi: "Umewahi." Ni neno jema, na kwa daktari ni kweli tupu. Lakini lilimnyang'anya ruhusa ya kuogopa, maana aliyewahi analia nini? Mara ya pili waliokuja walihesabika. Hawakuwa na ubaya, ila pole ilikwishatolewa, na hongera juu yake. Mdogo wangu alilala akitazama ukuta. Ndipo nilipoanza kutafuta vitabuni mtu aliyeandika juu ya mara ya pili.

Nilianza na Audre Lorde, mshairi mweusi wa New York, mtoto wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani, ambaye The Cancer Journals yake ilitoka mwaka 1980. Wengi wanakikumbuka kitabu hicho kwa namna alivyolikataa titi la bandia. Siku chache baada ya kukatwa titi la kulia alikwenda kwa daktari bila ya kulivaa, na muuguzi akamlaumu kuwa anawavunja moyo wengine. Lorde alighadhibika. Mbona Moshe Dayan, jemadari aliyefunika kwa kitambaa jicho lililopotea, hakuna aliyemtaka avae jicho la kioo? Hoja ni kali, na inachekesha kwa uchungu. Hata hivyo, kwangu mimi kiini cha kitabu kimo katika tarehe zake. Mwaka 1977 Lorde alipasuliwa uvimbe ambao haukuwa saratani. Katika wiki tatu za kungojea alikabiliana na mauti, na Desemba ya mwaka huo akatoa, mjini Chicago, hotuba yake mashuhuri juu ya kuugeuza ukimya kuwa maneno na vitendo. Somo likawa limepatikana, tena limeandikwa vizuri mno. Mwaka haukutimia. Septemba 1978 akakuta uvimbe mwingine, na huu ulikuwa saratani.

Hebu msomaji aangalie jinsi maandishi yanavyobadilika. Hotuba inakwenda kwa utulivu, kama nahodha aliyekwishavuka mkondo. Vipande vya shajara alivyoviweka katika utangulizi, vya 1979 na 1980, ni vifupi na havipatani: leo ushujaa, kesho kukata tamaa, keshokutwa hasira isiyopata njia. Yule aliyewausia wenziwe wavunje ukimya, sasa neno lenyewe linamkwama. Mhakiki mwingine ataona hapo upungufu wa muundo. Mimi naona ndipo kitabu kinapopata uaminifu wake, kwa kuwa Lorde hakuvinyoosha vipande hivyo ili vikubaliane na somo la kwanza.

Namwekea shaka mahali pamoja. Lorde ni mwepesi wa kuona kila kufunika kuwa ni kujikana. Kwetu Pwani kuna sitara, na sitara si ukimya. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utendi yapata mwaka 1858, anamwambia mapema kabisa kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, wala hayataji ni maradhi gani. Beti zaidi ya mia zinatoka katika mwili huo unaoumwa, na kuelekea mwisho anaomba shifaa. Tumezoea kuusoma utendi huo kuwa kitabu cha adabu za mke, tukabishana miaka na miaka juu ya utiifu, tukasahau kuwa tunasikiliza mgonjwa. Alilisitiri jina la ugonjwa, hakusitiri kuumwa.

Mashairi yetu ya kuhamasisha, yasomwayo kila Oktoba, yamefanya kinyume. Ugonjwa unatajwa kwa jina, tena kwa sauti kubwa: jichunguze, usichelewe, tiba ipo. Vina vimekaa, mizani imetimia, na faida yake siikatai. Lakini msemaji ni mzima siku zote, na shairi huishia mlangoni mwa hospitali. Ajabu ni kuwa tarbia yetu ina kipokeo, mshororo urudio vile vile kila ubeti na kila ukirudi una uzito mwingine. Sijui chombo kinachofaa zaidi kumbeba mtu anayetia saini karatasi ile ile, anayevuliwa bangili zile zile, anayeambiwa tena ahesabu mpaka nusukaputi imchukue. Bado sijakutana na shairi letu lililokitumia hivyo.

Niliyekuwa nikimtafuta nilimpata mahali nisipotarajia. Fanny Burney, mtunzi wa riwaya wa Kiingereza, alikatwa titi jijini Paris tarehe 30 Septemba 1811, na Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, bila ya nusukaputi, kwani ilikuwa haijavumbuliwa. Miezi ilipita asiweze kuyaandika. Mwaka 1812 akamwandikia dada yake Esther barua ndefu. Anaona kila kitu kwa jicho la mtunzi: wanaume saba wakizunguka kitanda, leso nyepesi juu ya uso wake inayopitisha mng'ao wa chuma. Kisha kisu kinatua, naye anadhani kazi imekwisha. Haijesha. Kinaanza upya, na sentensi zilizokuwa zimeshikana zinakatika. Aliishi hadi mwaka 1840.

Mdogo wangu nilimfasiria kwanza kurasa chache za Lorde. Alisikiliza, akasema: "Hasira zake nzuri, dada. Lakini nani alimpikia?" Ni swali la uhakiki kupita mengi niliyoyasoma, na jibu limo kitabuni: Lorde alizungukwa na wanawake, naye anawashukuru. Siku nyingine nikamfasiria barua ya Burney. Alikuwa ameegemea, mkono wa upande ule juu ya mto. Nilipofika pale kisu kinapoanza upya, aliinua kiganja.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Tena."